UZI: The Great Gatsby ya 1926, filamu bubu iliyopotea. Kilichobaki, kwa nini ilipotea, na namna ya kuitambua ikitokea mkebeni

#1 Mkanda35 (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni wa filamu moja tu. Siyo Gatsby ya DiCaprio (2013), siyo ya Redford (1974), wala ya Alan Ladd (1949). Ni ile ya kwanza, filamu bubu, iliyoingia kwenye majumba ya sinema riwaya ikiwa na miezi 19 tu tangu itoke. Hakuna hifadhi inayojulikana kuwa na kopi yake. Kinachozunguka mitandaoni kwa jina lake ama ni trela ama ni filamu nyingine kabisa, na kila baada ya muda anatokea mtu kutangaza kwamba "imepatikana". Tuweke mambo sawa mahali pamoja.

Riwaya ya F. Scott Fitzgerald ilitoka tarehe 10 Aprili 1925. Tarehe 2 Februari 1926 ikapanda jukwaani Broadway, ukumbi wa Ambassador. Tamthilia iliandikwa na Owen Davis na kuongozwa na George Cukor, huyu huyu aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa Hollywood, ikachezwa mara 112. Famous Players-Lasky, watengenezaji wa filamu zilizosambazwa kwa jina la Paramount, wakanunua haki za filamu kwa dola 45,000. Herbert Brenon akaongoza, Elizabeth Meehan akaitohoa kwa ajili ya skrini, Becky Gardiner akaandika mswada, Leo Tover akashika kamera. Ilitoka tarehe 21 Novemba 1926 ikiwa na rili 8, jumla futi 7,296.

Waigizaji: Warner Baxter ndiye Gatsby, Lois Wilson ndiye Daisy, Hale Hamilton ni Tom Buchanan, Neil Hamilton ni Nick Carraway, Georgia Hale ni Myrtle, William Powell ni George Wilson, Carmelita Geraghty ni Jordan Baker. Shikeni hasa nyuso za Powell na Georgia Hale, maana zitatusaidia huko mbele. Powell mnamjua kwenye The Thin Man (1934), na Georgia Hale ndiye msichana wa ukumbi wa dansi kwenye The Gold Rush ya Chaplin (1925).

Kosa la kawaida ni kudhani filamu hii inafuata riwaya ukurasa kwa ukurasa. Imesimama juu ya tamthilia ya Davis sawa na inavyosimama juu ya riwaya. Wolfsheim wa kitabuni humu anaitwa Charles Wolf, na kuna mhusika anaitwa Lord Digby, aliyechezwa na Eric Blore, ambaye riwayani hayumo. Ukikutana na mkanda wenye Digby usiseme "hii siyo Gatsby". Huyo Digby ni dalili nzuri.

Kilichobaki cha picha zinazotembea ni trela ya takriban dakika 1, iliyo Maktaba ya Bunge la Marekani. Imetolewa kwa umma kwenye mkusanyiko wa DVD wa More Treasures from American Film Archives (2004). Zaidi ya hapo ni picha mnato, matangazo na maandishi.

#2 BintiKurasini

Mleta uzi, asante kwa kuanza na tarehe. Kuna jambo naomba ufafanuzi. Brenon huyo huyo, Paramount hao hao, mwaka huo huo wa 1926 walitoa Beau Geste, na ndani yake yumo Neil Hamilton, yumo na William Powell. Ile ipo hadi leo. Miezi mitatu baadaye inatoka Gatsby, nayo inapotea yote. Tofauti ilikuwa wapi? Ongezea nyama hapo.

#3 NakalaYaPili

Dada Binti, swali lako ndilo moyo wa uzi huu, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Filamu ya enzi ile haikupona kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilipona kwa sababu kuna mtu, kuanzia mwaka 1927 hadi miaka ya 1950, aliona faida ya kuitunza. Beau Geste ilivuma sana, ikapewa medali ya jarida la Photoplay, na hadithi yake ikaendelea kuwa na soko kiasi cha kutengenezwa upya mwaka 1939. Gatsby haikuwa na mlinzi wa namna hiyo.

Angalieni riwaya yenyewe. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 20,870, ya pili nakala 3,000, na Fitzgerald alipofariki Desemba 1940 baadhi ya nakala za ile chapa ya pili zilikuwa bado zimelala ghalani hazijauzwa. Kilichoifufua ni toleo la bure la wanajeshi wa Marekani la mwaka 1945, nakala 155,000. Maana yake, jina "Gatsby" lilianza kupata thamani wakati mkanda wa 1926 ukiwa na umri wa karibu miaka 20. Katika kipindi chote hicho, mtunza ghala aliyeusoma mkebe aliona filamu bubu ya kitabu kisichosomwa.

Ongeza sauti. The Jazz Singer, filamu ndefu iliyofungua enzi ya filamu za sauti, ilitoka Oktoba 1927, haijafika hata miezi 11 baada ya Gatsby. Ndani ya miaka miwili hivi filamu bubu ikawa haina mnunuzi. Kopi za majumba ya sinema zilikuwa za kukodishwa, si za kuuzwa. Zilirudishwa kwa msambazaji, na zilizochakaa zikateketezwa au zikaoshwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo kwenye tabaka la picha. Negativi, yaani mkanda mama wa kuchapia kopi, ilibaki ghalani, na ghala la nitreti (plastiki inayowaka upesi, iliyotumika kutengeneza mikanda enzi hizo) ni gharama: bima ya moto, ujenzi wa pekee, ukaguzi. Kampuni zilikuwa zikipunguza mzigo. Universal waliharibu negativi zao za filamu bubu mwaka 1948. Ghala la Fox kule Little Ferry, New Jersey, liliungua tarehe 9 Julai 1937. Hizo si kampuni za Gatsby. Nazitaja ili muone hali ya soko zima.

Na wengi hudhani Maktaba ya Bunge lazima ilibaki na kopi kwa ajili ya hakimiliki. Haikuwa hivyo. Tangu filamu ziliposajiliwa kama filamu, mwaka 1912, Maktaba ilikuwa inarudisha rili kwa mtengenezaji kwa sababu ya hatari ya moto, ikabaki na karatasi: muhtasari wa hadithi, maelezo, matangazo. Ndiyo maana kwa filamu nyingi za miaka ya 1920 hadithi tunaijua vizuri na picha hatuna.

Utafiti uliochapishwa na Maktaba hiyo mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu za Marekani 10,919 za kati ya 1912 na 1929. Zilizopo kamili katika umbo lake la asili la milimita 35 ni asilimia 14. Nyingine asilimia 11 zipo kamili lakini kama kopi za nje ya nchi au katika mikanda midogo. Asilimia 5 ni vipande. Asilimia 70 hazipo. Kwa hiyo kupotea kwa Gatsby ndiyo hali ya kawaida, na kupona kwa Beau Geste ndiyo bahati.

#4 KitabuWazi

Nakala umemaliza upande wa kupotea. Niongeze upande wa nini hasa tumekosa.

Tusiipambe. Zelda Fitzgerald alimwandikia binti yao kwamba wameiona, ni mbovu kabisa, na waliondoka kabla haijaisha. Mhakiki wa New York Times, Mordaunt Hall, aliona inaburudisha ila uongozaji umekosa ubunifu. Kutoka kwake ndipo tunapojua baadhi ya matukio ambayo riwayani hayapo hivyo: Gatsby anarusha sarafu za dhahabu za dola 20 kwenye bwawa la kuogelea na wasichana wanapiga mbizi kuzigombania, na Daisy anakunywa absinthe, pombe kali, nyingi mno. Hayo mawili yaandikeni pembeni, kwa sababu ni alama za utambuzi zisizo na mfano kwenye Gatsby nyingine.

Thamani yake iko kwingine. Zile tatu zilizofuata zinatazama miaka ya 1920 kwa nyuma, kwa mavazi ya kushonesha na magari ya makumbusho. Hii ilitengenezwa wakati marufuku ya pombe ya Marekani (1920 hadi 1933) ikiwa inatumika. Ile karamu ya Gatsby ilikuwa ni karamu ya mwaka huo huo. Fundi wa mavazi hakuhitaji kufanya utafiti, alifungua mlango akatazama mtaani. Kitu hicho hakuna pesa itakayokirudisha, na kwangu mimi hilo ni pigo kubwa kuliko kukosa sanaa ya Brenon.

#5 Juma_wa_Reli

Wakuu, ukikuta video ya saa moja na nusu imeandikwa "The Great Gatsby 1926 full movie", hiyo ni nini sasa?

#6 Mkanda35 (mleta uzi)

Juma, anza na muda. Ya 1949 ni dakika 91, kwa hiyo video ya urefu huo iliyoondolewa sauti na kutiwa mikwaruzo ya bandia ni mtuhumiwa wa kwanza. Tazama uso wa Gatsby: Alan Ladd na Warner Baxter hawafanani, na Baxter ana masharubu. Kisha tazama maneno. Filamu bubu inasimulia kwa vibao vya maandishi vinavyokatiza picha. Watu wakifungua midomo wakazungumza sentensi ndefu na hakuna kibao kinachofuata, hiyo ilirekodiwa kwa sauti.

Kuhusu urefu halisi wa ile ya 1926, namuachia Mzee wa Projekta.

#7 MzeeWaProjekta

Marahaba kwa wote mnaonisalimu kule faragha.

Hesabu iko hivi. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16 kwa kila futi 1. Futi 7,296 ni fremu 116,736. Ukiendesha projekta kwa fremu 24 kwa sekunde, mkanda unakwenda futi 90 kwa dakika, na filamu inamalizika kwa dakika 81. Kwa fremu 22 inakuwa dakika 88. Kwa fremu 20, ambayo ni futi 75 kwa dakika, inafika dakika 97. Zile "dakika 80" mnazozisoma kila mahali ni hesabu ya mwendo wa 24, ambao kwa filamu bubu haukuwa sheria. Mpigapicha alizungusha kwa mwendo wake na jumba la sinema likaonyesha kwa mwendo wake, mara nyingi kwa kasi zaidi kuliko kamera. Kwa hiyo mtu akisema kopi fulani "ina dakika 95, basi imeongezwa", muulizeni futi, msimuulize dakika. Futi hazibadiliki kwa mwendo wa projekta.

Trela ya dakika 1 ni kama futi 90. Kwa hiyo tulichonacho ni sehemu kama 1 kati ya 80, na hata hiyo si lazima iwe ndani ya filamu kama ilivyo, kwa sababu trela za wakati ule zilitumia pia vipande vilivyopigwa ambavyo havikuingia kwenye filamu kamili.

Ukitaka kukadiria urefu wa rili bila kuikunjua, jambo la lazima kwa mkanda mkavu, pima kipenyo cha nje na cha kiini. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, toa kidogo kwenye kikubwa, zidisha kwa 0.785, gawanya kwa unene wa mkanda. Unene chukua sentimita 0.015. Mfano, kipenyo cha nje sm 25 na kiini sm 5: 625 toa 25 ni 600, mara 0.785 ni 471, gawanya kwa 0.015 ni sm 31,400, yaani mita 314. Hiyo ni rili kamili ya futi 1,000 na ziada kidogo. Ikiwa kipenyo ni sm 20 utapata kama mita 196, yaani futi 644, dakika 7 na ushee. Mkanda uliovimba kwa unyevu utakudanganya uonekane mrefu, kwa hiyo punguza matumaini.

#8 BintiKurasini

Shikamoo Mzee wangu, na asante. Sasa tuseme mkebe umepatikana, hauna jina. Unaanzia wapi kujua kama ni wa 1926?

#9 MzeeWaProjekta

Marahaba binti yangu. Anzia ukingoni, si kwenye picha.

Kodak walichapa alama ndogo ukingoni, kando ya matundu. Kwa mkanda uliotengenezwa Marekani, mwaka 1925 ni mraba na pembetatu, 1926 ni pembetatu na duara, 1927 ni pembetatu na mraba. Ukiona pembetatu na duara umekaribia.

Pili, picha yenyewe. Filamu bubu inatumia upana wote wa katikati ya matundu. Ukiona upande mmoja kuna ukanda mwembamba wenye mistari au mawimbi, hiyo ni njia ya sauti, weka pembeni.

#10 NakalaYaPili

Mzee, kwa heshima zote, hapo kwenye alama naomba nisahihishe kabla mtu hajakimbilia kwenye vyombo vya habari. Alama zile zinajirudia kila miaka 20. Pembetatu na duara ni 1926, ni 1946, na ni 1966 pia. Tena zinaonyesha mwaka mkanda mtupu ulipotoka kiwandani, si mwaka filamu ilipopigwa. Kopi ya Gatsby iliyochapwa kwa ajili ya Novemba 1926 inaweza kubeba alama ya 1926, na iliyochapwa miezi michache baadaye ikabeba ya 1927.

Kuna mtego mwingine. Unapochapa kopi kutoka negativi, alama za ukingoni za negativi huweza kupigwa picha pamoja na filamu. Matokeo ni ukingo mmoja wenye alama mbili, ya mama na ya mtoto. Hali hiyo hiyo inatokea kwa neno "NITRATE": kopi salama ya asetati, plastiki isiyowaka upesi, inaweza kuonyesha neno hilo kwa sababu tu mama yake alikuwa nitreti. Linganisha alama zote za ukingoni na mwonekano wa mkanda mzima kabla ya kuamua.

Na ikiwa kopi ilichapwa Ulaya, inawezekana kabisa iko kwenye mkanda wa Agfa, Pathé au Gevaert, na hizo alama za maumbo usizione kabisa. Kutokuwepo kwa alama si ushahidi dhidi yake.

#11 MzeeWaProjekta

Umesema kweli, Nakala. Ile ya miaka 20 ilipaswa kuwa sentensi yangu ya kwanza.

#12 KitabuWazi

Baada ya ukingo ndipo picha. Msitegemee kibao chenye jina la filamu, kwani mwanzo wa rili ya kwanza ndiyo sehemu inayoumia kuliko zote: ndiyo iliyo nje, inashikwa, inapigwa na hewa. Na ikiwa ni kopi ya nje, jina litakuwa la Kiholanzi, Kicheki, Kihispania au Kireno, na mara nyingi halina uhusiano na jina la Kiingereza. Angalieni pia "vibao vya kupepesa": kwenye baadhi ya negativi na kopi, kibao kinakuwa na fremu chache tu, alama ya mahali pa kukirefusha baadaye. Ukicheza kwa mwendo wa kawaida hukioni. Pitisha fremu moja moja.

Kisha nyuso. Warner Baxter peke yake hatoshi, alicheza filamu nyingi. Ukipata William Powell kama fundi wa gereji na Georgia Hale kama mkewe ndani ya rili moja, hapo moyo una haki ya kudunda. Ukipata na sarafu kwenye bwawa, piga simu. Halafu vitu vya pembeni: namba za magari za New York zilibadilika kila mwaka, kalenda ukutani, bango la barabarani. Warsha ya Mostly Lost ya Maktaba ya Bunge kule Culpeper, Virginia, ilianza mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo: wataalamu wanakaa ukumbini mikanda isiyo na jina inaonyeshwa, na kila anayetambua gari, jengo au mwigizaji anasema kwa sauti papo hapo.

#13 Juma_wa_Reli

Je, imewahi kutokea kweli kwa filamu ya aina hii hii, ya mapenzi, ya riwaya, ya Paramount, ikarudi?

#14 NakalaYaPili

Imetokea, na ni mfano unaokaa sawasawa na Gatsby. Beyond the Rocks, mwaka 1922, mwongozaji Sam Wood, kutoka riwaya ya Elinor Glyn ya 1906, Gloria Swanson na Rudolph Valentino, wasambazaji Paramount. Kwa miaka mingi ilihesabiwa imepotea, isipokuwa kipande kifupi cha dakika 1 hivi. Mwaka 2003 Makumbusho ya Filamu ya Uholanzi, Amsterdam, walikuwa wakipekua mikebe kama 2,000 iliyotoka kwa mkusanyaji mmoja wa Haarlem. Rili za filamu hii hazikuwa pamoja, zilitawanyika katikati ya mikebe mingine, na zilitambuliwa moja baada ya nyingine. Kopi ilikuwa na vibao vya Kiholanzi, ikabidi vya Kiingereza vitengenezwe upya. Ikaonyeshwa tena Amsterdam mwaka 2005.

Tazameni mambo matatu hapo. Hakuna aliyekuwa akiitafuta filamu hiyo siku hiyo. Walikuwa wakiorodhesha mkusanyiko, mkebe kwa mkebe. Pili, ilikuwa Ulaya, mwisho wa safari ya kopi, mahali ambapo kuirudisha Marekani kuligharimu kuliko thamani yake. Ule utafiti wa 2013 unaonyesha kwamba kati ya filamu 3,311 zilizobaki kwa namna yoyote, 886 zilipatikana nje ya Marekani, na mkusanyiko mkubwa kuliko wote nje ya nchi hiyo uko Jamhuri ya Cheki. Dawson City, Kanada, rili 533 zilifukuliwa mwaka 1978 chini ya bwawa la zamani la kuogelea, na New Zealand mwaka 2009 na 2010 ikatoa filamu 75 za Kimarekani, pamoja na Upstream ya John Ford. Tatu, kopi ya nje huenda isiwe picha zile zile. Mara nyingi kamera mbili zilisimama bega kwa bega, negativi moja ya nyumbani, nyingine ya nje. Gatsby ikitoka Ulaya au Amerika Kusini, inaweza kutofautiana pembe na mpangilio na ile aliyoiona mhakiki wa New York.

Na msisahau mikanda midogo: milimita 9.5 ya Pathé tangu 1922 na milimita 16 ya Kodak tangu 1923. Hiyo ilikuwa asetati, haikuungua, ikakaa majumbani kwa watu. Mara nyingi imekatwa ikafupishwa, lakini rili mbili za Gatsby fupi ni dakika nyingi kuliko tulizonazo.

#15 MwanaKisauni

Nauliza kwa upande wa pwani yetu. Majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar yalionyesha nitreti kwa miaka mingi. Kuna uwezekano wa mkebe kama huo huku?

#16 Mkanda35 (mleta uzi)

Mkuu, kwa Gatsby hakuna ushahidi wa kopi kufika huku, kwa hiyo tusiwape watu ndoto. Lakini mikebe ya nitreti kwa ujumla ni jambo la kweli, kwa sababu Kodak waliacha kutengeneza nitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu. Mkanda wa milimita 35 wa kabla ya hapo, uwe wa Kimarekani, Kihindi au Kimisri, uchukulieni kuwa nitreti mpaka ithibitike vinginevyo. Adui wetu ni joto na unyevu. Culpeper wanaweka nitreti kwenye vyumba 124 vyenye nyuzi 4 za sentigredi na unyevu asilimia 30. Stoo ya Mji Mkongwe mwezi Machi haina hata moja ya hayo.

Nitreti inaoza kwa hatua tano. Kwanza picha inafifia na mkanda unageuka rangi ya kahawia ya asali. Pili, tabaka la picha linanata. Tatu, mapovu ya gesi na harufu kali. Nne, rili nzima inashikana kuwa donge, na juu yake povu zito. Tano, unga wa kahawia. Hatua ya 1 na 2 kopi nzuri inapatikana. Ya 3 unaokoa vipande. Ya 4 na 5 ni hatari tupu, mkanda ulioharibika kiasi hicho unaweza kuwaka wenyewe kwenye joto la nyuzi 41 likidumu.

#17 MzeeWaProjekta

Hapo naomba kila mtu asome polepole. Nitreti ikiwaka haizimwi. Ndani yake ina oksijeni yake yenyewe, inaungua hata chini ya maji, na moshi wake unaua. Hospitali ya Cleveland mwaka 1929 watu 123 walikufa kwa sababu ya picha za eksirei za nitreti, na wengi waliuawa na gesi.

Kwa hiyo ukikuta mkebe: fungulia nje, kivulini, penye upepo, bila sigara wala taa ya moto karibu. Mkebe uliokwama kwa kutu usiugonge kwa nyundo, wala usitumie grainda. Ukishafunguka, piga picha kama ulivyo, pamoja na karatasi yoyote iliyobandikwa, maana karatasi hiyo inaweza kuwa ndilo jina pekee. Usiivute rili inayonata, utaondoka na picha mkononi. Usifungie kwenye mfuko wa plastiki, gesi ikikosa njia inaharakisha kuoza. Tenganisha mbovu na nzima siku hiyo hiyo. Usijaribu kwa kiberiti "kuona kama ni nitreti". Usiiweke kwenye projekta, hata kwa dakika moja.

Mkanda ukiwa mzima, pima kusinyaa. Hesabu fremu 100. Mkanda mpya ni milimita 1,900. Ukipata 1,881, umesinyaa asilimia 1, na hapo meno ya mashine ya kawaida yanaanza kurarua matundu. Zaidi ya hapo mkanda unahitaji skana isiyo na meno. Kusafirisha si suala la kwenda posta: ni bidhaa hatari, namba UN 1324, daraja 4.1. Wasiliana kwanza na hifadhi ya taifa, wao ndio wanaoongea na hifadhi za nje.

#18 Juma_wa_Reli

Kwa teknolojia ya sasa ya akili mnemba, kwa nini wasiitengeneze upya kutoka kwenye trela na picha mnato?

#19 KitabuWazi

Juma, kuna kazi halali na kuna kughushi. Kazi halali ni kama ya Rick Schmidlin, mrejeshaji wa filamu za zamani. Mwaka 1999 alirudisha mpangilio mrefu wa filamu bubu Greed, karibu saa 4, kwa kujaza mapengo kwa picha mnato, na mwaka 2002 akafanya hivyo kwa London After Midnight ambayo picha zake zinazotembea hazipo kabisa. Mtazamaji anaona wazi kwamba hapa ni picha mnato. Kwa Gatsby ingewezekana kwa njia hiyo, ukichukua trela, picha za matangazo, muhtasari wa hadithi na hakiki za magazeti.

Mashine ikitengeneza dakika 80 za Baxter akitembea, hizo ni dakika 80 ambazo Brenon hakuzipiga. Ubaya wake si wa nadharia: video hiyo itazunguka, na siku kipande halisi kikitokea kwenye mkebe wa Kireno, mtu wa kukitambua atakuwa amezoea sura ya uongo. Sheria haizuii kitu, filamu ya 1926 ni mali ya umma Marekani tangu tarehe 1 Januari 2022, na riwaya tangu 2021. Ndiyo maana uangalizi unabaki kwetu sisi tunaozijadili.

#20 BintiKurasini

Swali la mwisho kwa Nakala. Ikipatikana, rangi je? Trela ni nyeusi na nyeupe.

#21 NakalaYaPili

Hiyo haithibitishi kitu, dada. Kopi nyingi za miaka ya 1920 zilichovywa rangi, buluu kwa usiku, kahawia ya dhahabu kwa taa za ndani, kisha vipande vya kila rangi vikaunganishwa kwa gundi kimoja kimoja. Zilipokuja kunakiliwa kwenye mkanda salama, zikanakiliwa nyeusi na nyeupe, na rangi ikapotea na nitreti. Kwa hiyo mwenye kopi asiondoe viungio hata kama vinaonekana vingi kupita kiasi. Kila kiungio kinaweza kuwa mpaka wa rangi. Hata pale rangi ilipofifia kabisa, mpangilio wa viungio unasaidia kukisia ilibadilika wapi, na hifadhi zina njia ya Noël Desmet ya Ubelgiji ya kuirudisha rangi kwenye kopi mpya kwa mwanga, bila kuchovya tena.